Ufundi wa Kukausha Kifua

Katika vyumba vya dharura vya Nyeri, Karatina na Othaya kuna ufundi usiosifiwa inavyostahili. Ni wa muuguzi na afisa wa kliniki wanaompokea mkulima aliyezidiwa na dawa ya kunyunyizia, au mtu aliyeinywa kwa uchungu wa moyo, anayezama katika maji ya mwili wake mwenyewe. Mate na machozi yanamtiririka, jasho limelowesha nguo, mboni zimesinyaa, kifua kinakoroma kwa ute.

Miteremko ya maeneo haya ni ya kahawa na chai, na upande wa Kieni ni viazi na kabichi. Wadudu hawakosi, wala dawa zao. Baadhi ya dawa hizo, kama diazinoni na klorpirifosi, ni za jamii ya oganofosfeti, nazo humdhuru mtu kwa njia ile ile zinavyomuua mdudu: huvuruga neva.

Mwilini zipo neva zisizongoja amri yetu. Za simpathetiki hutuweka tayari kwa hatari. Moyo huenda mbio, mboni hupanuka, na neva hizi hutumia zaidi noradrenalini. Za parasimpathetiki hupunguza mapigo, hutoa mate na kuendesha utumbo, kwa kemikali iitwayo asetilikolini. Mwaka 1921, mjini Graz, Austria, Otto Loewi alichochea neva ya moyo wa chura hadi mapigo yakapungua, kisha akayahamishia majimaji ya moyo huo kwenye moyo wa chura mwingine. Nao ukapunguza mapigo. Ikabainika kwamba neva hupeleka ujumbe kwa kemikali, na mwaka 1936 Loewi na Henry Dale wakapewa Tuzo ya Nobel.

Asetilikolini ikishafikisha ujumbe, kimeng'enya huivunja papo hapo. Oganofosfeti hukizuia kimeng'enya hicho, na ujumbe uliopaswa kukoma huendelea bila kikomo.

Hapo ndipo dawa iitwayo atropini inapoingia. Haiondoi sumu. Hukalia tu mahali ambapo asetilikolini ingeshika, na kwa sababu sumu ya kila mgonjwa ina kiasi chake, hakuna dozi moja ya kuandikwa ukutani. Mhudumu huchoma sindano, husubiri dakika 5, huweka stethoskopu kifuani. Bado panakoroma? Huongeza dozi maradufu. Husikiliza tena, mbele na mgongoni. Huhesabu mapigo akitaka yapite 80 kwa dakika, hupima shinikizo la damu, kisha hutia mkono kwapani. Tezi za jasho huamrishwa na neva za simpathetiki, lakini kwa asetilikolini. Ndiyo maana kwapa lililokauka ni habari njema. Asiyezoea hutazama mboni tu, au huogopa moyo unapokwenda kasi na kuacha mapema. Mjuzi huamini mapafu. Yakikauka, huweka dripu ya atropini ya kulinda alichopata, na bado haondoki, kwa kuwa atropini ikizidi mgonjwa hupata homa, huweweseka na utumbo hunyamaza. Basi huisimamisha, hungoja, huanza tena kidogo kidogo.

Naustahi sana ufundi huu kwa sababu hauna njia ya mkato. Mashine nzuri husaidia, lakini sikio lililofunzwa ndilo linalotangulia. Na ufundi huu una mipaka ambayo fundi wa kweli anaijua: atropini haifanyi kazi kwenye misuli tunayoiamrisha. Mgonjwa anaweza kuonekana amepona, kisha siku ya pili au ya tatu shingo ikalegea na pumzi ikamwishia. Kwa hiyo humwomba ainue kichwa kutoka kwenye mto wa kulalia, mara kwa mara, usiku kucha, na ikishindikana humtafutia mashine ya kupumulia kabla hali haijawa mbaya. Hapaswi kulifanya hilo peke yake, akiwa na vitanda vingine vinavyomngoja, wala kabati la dawa halipaswi kuishiwa atropini msimu wa kunyunyizia.

Nasi tunaoishi kwenye miteremko hii tuwapunguzie wahudumu hawa kazi. Fungia dawa za shamba kwa kufuli, vaa glavu na barakoa, vua nguo zilizolowa na uoge kabla ya kula. Na ukimkimbiza mtu hospitalini, nenda na chupa yenye lebo yake, maana jina la dawa ndilo swali la kwanza utakaloulizwa.