Kwa Nini Alifungua Chaki?

Kwenye shafti ya pampu aliyoikereza fundi mmoja, mwendo wa kisu ulikuwa mzuri na uso wa chuma ulitoka laini. Tuyaache hayo. Shafti hiyo iliharibikia mahali pamoja: fundi alimaliza kukereza sehemu ya kukalia beringi ya kwanza, akafungua chaki, akaigeuza shafti na kuibana tena ili akereze ya pili. Kwa chaki ya meno matatu!

Kuanzia hapo shafti ilikuwa na mihimili miwili. Skroli ya chaki hulika zaidi kwenye vipenyo vinavyobanwa kila siku, na hata chaki iliyo nzima huyumbisha kazi kwa 0.05 hadi 0.10 mm bila mtu kushangaa. Shafti ya milimita 30 kwa kipimo cha k6 huachiwa maikroni 13 tu za kipenyo. Najua, maikromita yake ilisoma vizuri pande zote mbili. Maikromita hupima unene. Haina habari kama pande hizo mbili zinazungukia mhimili mmoja.

Na shafti ilikuwa na matundu ya senta ncha zote! Angeiweka kati ya senta mbili, angeigeuza apendavyo na mhimili ungebaki uleule. Mafundi wa keezo wa pwani walikereza miguu ya vitanda kati ya ncha mbili, chaki hawakuwa nayo. Wazee wa karakana za reli wangemnyang'anya ufunguo. Leo kila kazi ni chaki, eti inabana haraka. Nimeshalalamika, na nitalalamika tena.

Kisha fundi wetu akatia kiraka. Geji ya saa ilicheza 0.12, naye akaweka bati la 0.12 chini ya jino moja. Lakini geji husoma maradufu: kazi ilikuwa imehama 0.06, na kwenye meno matatu bati huisogeza kwa theluthi mbili za unene wake. Alihitaji 0.09. Kwa hiyo akapitiliza, sindano ikabaki inacheza 0.04, akatosheka. Tena alipima karibu na chaki tu. Meno yaliyolika mdomoni huiachia kazi iiname, na ncha ya mbali ndiyo huumbuka.

Kama senta zilimchosha, chaki ya meno manne ilikuwa sakafuni nyuma yake. Mkono uliozoea huisawazisha kazi hadi 0.01 kwa dakika chache.