Pambo na Mahali Pake

Hapana nyumba isiyokuwa na pambo. Hata yule asiyekuwa na kitu ila kitanda na meza hutafuta picha ya kalenda akaitundika ukutani, na mwenye karamu ndogo ya watu kumi hukata maua uani akayatia katika bilauri. Kupamba, basi, si anasa ya matajiri. Ni desturi ya wanadamu wote. Lakini kwa kuwa sote twapamba, ni wachache wetu wanaosita wakauliza kama walichopamba ni chema au si chema. Tumezoea kuhakiki shairi na hadithi. Sababu gani tusihakiki na mkeka, na koja la maua, na ukumbi wa arusi? Navyo vimetungwa na akili ya mtu, navyo vina maana, navyo vyaweza kuwa na kasoro.

Wako wasemao kwamba pambo zuri ni lile ling'aalo na lenye gharama. Wako na wengine, hasa siku hizi, wasemao kwamba kila kilichofanywa kwa mikono ni bora, na kila kilichotoka katika mtambo ni duni. Naona makundi yote mawili yameikosa njia. Swali la kwanza la mhakiki si nani alikifanya kitu, wala kilinunuliwa kwa shilingi ngapi. Swali ni hili: pambo hili lina kazi gani hapa lilipo?

Tutazame kwanza Lamu, ambako mji wa kale uliingizwa mwaka 2001 katika orodha ya urithi wa dunia. Nyumba kubwa za huko za karne ya 18 zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zikachukuliwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti hizo si ndefu, vyumba vilikuwa vyembamba, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine, na kile cha ndani kabisa kilikuwa mbali na mwanga wa uwanja. Humo ndimo mafundi walimotia zidaka, yaani vishubaka vilivyopangwa safu juu ya safu katika ukuta, vimezungukwa na nakshi zilizochongwa katika chokaa. Ndani yake viliwekwa vyombo vya kaure na vitu vingine vya thamani.

Angalia jinsi kazi hiyo ilivyofikiriwa. Ukuta mzito wa mawe waonekana mwepesi, kwa kuwa umetobolewa. Chokaa nyeupe yaupokea mwanga hafifu wa taa na kuutawanya chumbani. Tena kila bakuli lina nyumba yake. Halisukumwi na jirani yake, na kivuli kilicho nyuma yake ndicho kinachomfanya mtu alione. Fundi wa zidaka alijua jambo ambalo wapambaji wengi wamelisahau, kwamba nafasi tupu nayo ni sehemu ya pambo. Ila haikosi, hata hivyo. Zidaka zilikuwa za wenye mali, na vyombo vile vilitoka ng'ambo ili vitangaze ukubwa wa mwenye nyumba. Twaweza kuusifu ustadi wa fundi bila ya kuyasifu majivuno ya tajiri wake.

Tuuache ukuta sasa, tutazame chini, maana mkeka hupatikana hata katika nyumba ya udongo. Majani ya ukindu huchanwa, hukaushwa, mengine hutiwa rangi, kisha husukwa kuwa ukili mrefu. Kili hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka mkeka ukatimia. Rangi haipakwi juu baada ya kazi kwisha. Huingia pamoja na jani katika msuko wenyewe. Kwa hiyo msukaji hana uhuru wa mchoraji. Hana budi kuhesabu, na akikosea hesabu, kosa huonekana katika urefu wote wa ukili. Uzuri wa mkeka watoka katika hesabu hiyo. Hata mtu asiyejua kusuka huhisi kwamba mistari ile haikuwekwa ovyo.

Linganisha na mkeka wa plastiki uliopigwa chapa mfano wa msuko. Simlaumu mwenye kuununua. Hauharibiki kwa mvua, huoshwa upesi, na kwa watoto wanaochezea uani wafaa sana. Ninalolilaumu ni ule msuko wa uongo uliochorwa juu yake. Kama plastiki ingetafuta uzuri wake yenyewe, tungeuhakiki kwa haki yake. Lakini ikijidai kuwa jani, tutaikumbuka methali ya wazee: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Pambo la tatu ni lile lisilodumu. Katika arusi za pwani, asumini huchumwa alasiri yakiwa bado matumba, hutungwa katika uzi, na usiku hufumbuka na kutoa harufu wakati ule ule wageni wanapokusanyika. Rihani na mkadi hufungwa pamoja nayo katika kikuba, wanawake wakajipamba. Kesho yake yote yamenyauka. Je, kazi hiyo imepotea? Sidhani. Mgeni ajua kwamba mikono ya watu ilishughulika siku ile ile kwa ajili yake, na kwamba pambo lile halikuwahi kuvaliwa katika sherehe ya mtu mwingine. Kunyauka kwake ndiko kunakoitia heshima thamani.

Ukumbi wa kukodi wa siku hizi wakosa jambo hilo hasa. Vitambaa vyeupe, maua ya plastiki, tao la maputo: ukiingia Nakuru, Kisumu au Mombasa waona yale yale, wala huwezi kujua ni arusi ya nani mpaka usome jina mlangoni. Ukumbi wang'aa, lakini haumwambii mgeni neno. Tangu Agosti 2017 nchi yetu imepiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, na watu wakarudia vikapu. Lakini maputo ya sherehe zetu bado huishia jaani siku ya pili, yasioze kama asumini.

Hata hivyo, tusiwaonee wenye kukodi peke yao. Nimeona kumbi zilizojazwa kazi za mikono zikachosha macho vile vile. Kiondo kilichosukwa kwa katani na mama wa Kikamba au wa Kikikuyu kilifanywa kichukue mzigo. Kikipigiliwa msumari ukutani kati ya ngao, mkuki, ngoma na vibuyu saba, kimenyang'anywa kazi yake bila ya kupewa nyingine. Kiweke mezani, ukitie mkate au matunda, nacho kitapamba karamu kuliko vyote. Tena kuna wasifuo kazi za mikono kwa maneno matamu, lakini sokoni hubishana na msukaji mpaka wamlipe ujira usiofikia hata nusu ya siku zake. Sifa ya namna hiyo haimlishi mtu.

Basi, vijana, mtakapoambiwa kupamba ukumbi wa shule kwa siku ya wazazi, msikimbilie dukani, wala msianze kukata karatasi za shashi za rangi zote kwa kuwa tu mwaka jana zilikatwa. Simameni kwanza mlangoni, mahali atakaposimama mgeni. Tazameni mwanga unaingia wapi, na macho yataangukia wapi. Chagueni mahali pawili au patatu, mpapambe kwa vitu mnavyoweza kueleza kwa nini vipo. Matawi ya mnazi yaliyofungwa vizuri langoni, mkeka mmoja mzuri mbele ya meza, na maua yaliyochumwa asubuhi hiyo yatatosha. Mkimaliza, ondoeni kitu kimoja, kisha mtazame tena; kama hakuna aliyekikosa, hakikuwa na kazi.