Beni, Dansi na Mavazi ya Vita: Uhakiki wa Kitabu cha T. O. Ranger

Kitabu cha Terence Ranger, Dance and Society in Eastern Africa, kilichotolewa mwaka 1975, chaeleza habari za ngoma ya beni tangu miaka ya 1890. Hoja yake kuu yastahili kukubaliwa: kwamba watu waliovaa mavazi ya kiaskari na kucheza kwa mwendo wa gwaride hawakuwa waigaji tu wa Wazungu. Lakini ushahidi wa lugha, ulio karibu kuliko wote, mwandishi ameupita upesi, na hoja yake imepungukiwa na nguvu.

Beni ilianza katika miji ya pwani ya Kenya, kama Lamu na Mombasa, ikashuka Mrima. Katika Tanganyika ilikuwa na vyama viwili vilivyoshindana, Marini na Arinoti, kila kimoja na vyeo vyake, toka mfalme hata askari. Vita vya 1914 hata 1918 viliwakusanya askari na wapagazi wa makabila mengi, nao wakaichukua beni mpaka bara. Habari hizi Ranger azieleza vema. Aonyesha pia kuwa Marini waliwavuta zaidi wenyeji wa pwani na wenye heshima, na Arinoti wakawavuta wageni wa bara na watu wa kazi.

Mgawanyiko huo haukuwa mpya Bagamoyo. Mji ule ulikuwa mlango wa misafara, na wenyeji na wapagazi walikutana humo miaka mingi kabla ya beni. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa huko, aliziandika ngoma za watu wake katika Desturi za Wasuaheli, kitabu alichokitoa Carl Velten mwaka 1903. Na Jonathon Glassman, katika kitabu chake cha 1995, ameonyesha jinsi watu wa miji ya Mrima walivyoshindania heshima kwa karamu na ngoma kabla ya mwaka 1888. Basi koti la jemadari lilikuwa vazi jipya la shindano la kale.

Lugha yathibitisha jambo hili. Neno beni limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kundi la wapiga muziki. Lakini kwa Kiswahili ngoma ni chombo, ni mchezo, tena ni shughuli yenyewe. Beni ilipoingia ilifuata njia hiyo: ikawa jina la tarumbeta na wapigaji wake, la mchezo, na la chama. Sauti ni ya kigeni, maana ni ya ngoma. Mwenye kuiga huchukua jambo pamoja na maana yake. Hapa maana iliachwa bandarini.

Dansi nayo yataka kupimwa kwa kipimo hicho. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932, na Morogoro Jazz mwaka 1944, vita vya pili vikiendelea. Suti, tai na viatu vilichukua mahali pa kofia za kijeshi, na mwanamume na mwanamke wakacheza wawili wawili. Ranger aiona dansi kuwa mshindani aliyewatoa vijana wenye elimu ya shule katika beni. Ni kweli kwa habari ya mavazi na ala. Si kweli kwa habari ya shindano. Mlimani Park Orchestra, iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1978, iliuita mtindo wake Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Na wapinzani wake wakajulikana kwa jina la Msondo, ambalo ni jina la ngoma ndefu. Gitaa na tarumbeta zilirudi zenyewe kwa jina la ngoma.

Haitoshi, basi, kamusi kueleza asili ya beni na dansi kwa kutaja Kiingereza peke yake. Maelezo ya namna hiyo huwafanya watu wa pwani kuwa wakopaji wa kila kitu, hata furaha yao. Kitabu cha Ranger kilianza kuwaondolea dhulma hiyo. Wanaosoma maneno wana wajibu wa kuimaliza kazi.