Adnan wa Lina: katuni ya Kijapani iliyotufunza Kiarabu watoto wa Ibra



Sisi wasomi wa Kiswahili tulio nje tukikutana, haipiti nusu saa bila ya mmoja wetu kuwalalamikia vijana. Eti wamezama kwenye katuni za Kijapani, pesa zao zinaishia kwenye vijisanamu vya plastiki, na Kiswahili wamekitupa. Na mimi nimelalamika hivyo hivyo, tena kwa sauti kubwa. Lakini likizo iliyopita nilikaa wiki tatu Ibra kwa dada yangu, nikarudi na kauli nyengine. Mtanivumilia kwa urefu.

Mtoto wa dada yangu anasoma Nizwa na hurudi nyumbani kila wikiendi. Chumbani ana kabati la kioo limejaa watu wa One Piece, hadithi ya maharamia wa baharini ya Eiichiro Oda iliyoanza 1997. Mama yake anawaita "watoto wako wa bandia", na kesha mpiga marufuku kuwaweka chumba kinachosaliwa. Mjadala huo wa sanamu nawaachia wenye fiqhi yao. Kilichonichoma mimi ni chengine. Kijana anajua kushukuru kwa Kijapani, lakini bibi yake akimwambia "njoo ule, baba", anajibu kwa Kiarabu, na neno la Kiswahili halimtoki. Nikafungua mdomo nimkemee. Akaniwahi: "Khali, kwani wewe hukuwa ukiangalia Adnan wa Lina?"

Nikanyamaza. Kwa sababu kanishika pabaya.

Wengi wenu mnajua hali yetu ilivyokuwa. Baada ya 1964, na hasa baada ya 1970 milango ya Oman ilipofunguliwa, familia nyingi zenye asili ya Sharqiyah na Dakhiliyah zilirudi kutoka Unguja, Pemba na bara. Neno "kurudi" lenyewe si sawa, maana sisi watoto tulikuwa hatujapata kuiona Ibra. Tulikuja na Kiswahili tu. Skuli wenzetu wakatuita Wazanzibari, na hawakukusudia sifa. Lahaja yao hatukuijua, na kila tukifumbua mdomo ilikuwa kicheko.

Kiarabu changu mimi nilikipata mbele ya televisheni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilitengenezwa Kuwait sauti ya Kiarabu ya katuni moja ya vipindi 26, ikaenea Ghuba nzima kwa jina la Adnan wa Lina. Wahusika walizungumza fus-ha safi, irabu zote mahali pake. Na fus-ha, mkumbuke, si lugha ya nyumbani kwa mtu yeyote. Mtoto wa Ibra aliyezaliwa Ibra alikuwa akijifunza kama mimi. Pale mbele ya kioo tulikuwa sawa. Nikashika sentensi nzima nzima, nikenda nazo sokoni. Muuza tende alicheka mpaka akakaa chini, maana nilimuuliza bei kama nahodha anayetangaza vita. Lakini alinielewa, na alinijibu. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Sasa tuiangalie kazi yenyewe, maana hapa ndipo penye uhakiki wangu. Asili yake ni Kijapani, ya mwaka 1978, na aliyeiongoza ni Hayao Miyazaki. Sisi hatukujua. Majina yote yalibadilishwa: Conan akawa Adnan, Lana akawa Lina, rafiki yao Jimsy akawa Absi. Mimi nilimgundua Miyazaki mwaka 2003, filamu yake Spirited Away ilipopata Oscar nikaanza kuzitafuta kazi zake za zamani. Kwenye skrini akatokea Adnan wangu, anasema Kijapani! Nilihisi kama mtu aliyemkuta jirani yake wa utotoni kumbe ana nyumba nyengine.

Hadithi ni hii. Vita vikubwa vimeiharibu dunia na bahari imeimeza nchi kavu. Mtoto anaishi na babu yake kwenye kisiwa kidogo, anazamia papa kwa mkuki. Bahari inamleta Lina. Wenye nguvu wanakuja kwa ndege wakamchukua, babu anakufa, na wasia wake kwa mtoto ni kwamba aondoke kisiwani akatafute watu. Nani kati yetu atasema hadithi hii haimhusu? Kisiwa, maafa, babu aliyezikwa kule, mtoto aliyetiwa chomboni. Hakuna kitabu chochote nilichosomeshwa skuli kilichonisimulia mambo yangu namna hii, na aliyenisimulia ni Mjapani ambaye hakujua kama nipo.

Mama yangu, ambaye Kiarabu kilikuwa kikimpiga chenga, alisikia jina la kipindi akalifahamu kwa Kiswahili. "Adnan wa Lina," akasema, "huyo Lina ni nani hata awe na Adnan wake?" Tulicheka sana. Leo nnaona kwamba mama alihakiki vizuri kuliko sisi. Kile kitoto hakipigani kwa ajili ya nchi wala bendera. Kila kinaporuka na kila kinapovunja pingu, kinamfuata Lina. Kweli ni Adnan wa Lina. Nguvu ya kazi nzima imo humo.

Waliobeba kazi hiyo baadaye ni kampuni ya Venus ya Damascus, iliyoanza 1992, na kituo cha Spacetoon kilichofunguliwa mwaka 2000. Makosa yao tuyaseme: walikata, walificha, na pengine wapenzi wakageuzwa ndugu. Lakini hawakumdharau mtoto. Walimpa lugha ya juu na nyimbo zilizotungwa kwa makini, kama anazostahiki mtu mzima.

Na hapa ndipo lawama inaporudi kwetu. Mnazikumbuka kanga za mama zetu? Nyingi za miaka ya 1950 na 1960 zilichapwa Japani. Kuna aliyewahi kusema mama yake kavaa vazi la Kijapani? Hakuna, kwa sababu jina la kanga lilikuwa letu. Kitambaa chao, maneno yetu. Waarabu wamefanya hivyo hivyo kwa katuni: wamechukua kitambaa, wakatia jina. Sisi wenye shahada tumefanya nini? Watoto wetu tumewapa Kiswahili cha kuamrisha na kukemea, kisha tunashangaa wakipendea kwa lugha nyengine.

Wala tusiwacheke kwa vijisanamu. Sur pale imesimama Fatah al-Khair, ganja iliyoundwa hapo hapo 1951 kisha ikauzwa. Mwaka 1993 watu wa Sur walichangishana wakainunua tena kutoka Yemen. Haibebi shehena yoyote. Waliitaka iwepo tu, waione. Mpwa wangu ana jahazi la Luffy la plastiki kwa sababu hiyo hiyo, ila yeye chombo chake kimetoka mbali zaidi.

Usiku wa mwisho nilifanya jaribio. Nikaweka kipindi cha kwanza, nikazima sauti, nikaanza kuwasemea wahusika kwa Kiswahili. Mama akanisahihisha mara mbili: "Babu wa kisiwani hasemi 'hali ya hewa', anasema 'bahari imechafuka'." Kijana alikuwa kimya, simu mkononi. Kisha akauliza, kwa Kiarabu, "imechafuka maana yake nini?" Bibi yake akamueleza, kwa Kiswahili, na kwa mikono, dakika kumi nzima, mpaka katuni ikatupita.

Mwisho wa hadithi Adnan na wenzake wanarudi kisiwani kwao, wanakikuta kimeinuka kutoka majini, kimekuwa bara. (Wenye siasa zao nawaomba wasiniharibie.) Hakurudi mahali palepale, na hakulia. Alishuka na watu aliowapata njiani.

Basi hoja yangu ni hiyo. Vipindi viko 26, na humu ndani mna washairi, wafasiri na watangazaji wastaafu. Ruhusa za kisheria zitafutwe. Lakini nani atamsemea babu? Nawasilisha, na mnisahihishe penye kosa.