Mstari, Fremu na Zamu: Uhakiki wa Istilahi za Kunasa Video kwa Kompyuta

Utangulizi

Katika kazi ya kuunda istilahi upo upungufu mmoja ambao hauonekani upesi, kwa sababu hauumizi sikio. Neno laweza kuwa la Kiswahili safi, likatamkika bila taabu, likapitishwa na kila mjumbe, na bado likaharibu kazi ya fundi anayelitumia. Upungufu huo ni kulibebesha neno moja vitu viwili au vitatu ambavyo kazi yenyewe huvitenganisha.

Makala haya yanakusudia kulionyesha jambo hilo kwa kuhakiki kijitabu kimoja cha mwongozo, kilichotolewa katika nakala chache, kinachofundisha namna ya kuzihamisha kanda za video za zamani kutoka katika deki na kuzitia katika kompyuta. Sitakitaja kwa jina. Sababu ni kwamba lawama si ya mtungaji peke yake: mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa waliosoma rasimu yake na kuyakubali maneno yake. Nililiona neno "mistari", nikaliona ni zuri, nikageuza ukurasa. Sikumwuliza fundi hata mmoja.

Kitu chenyewe

Hatuwezi kulihakiki jina kabla ya kukijua kitu chenyewe. Televisheni ya zamani haikuichora picha yote kwa mara moja. Ilichora kwanza mstari mmoja na kuruka mmoja mpaka chini ya kioo, kisha ikarudi juu kuichora ile mistari iliyorukwa. Njia hii ilitungwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, na miongoni mwa waliopewa hataza juu yake ni Fritz Schröter wa Ujerumani, mwaka 1930. BBC ilipoanza matangazo yake ya televisheni mjini London mwaka 1936, mtambo wa mistari 405 uliotumika ulifuata njia hiyo hiyo. Faida yake ilikuwa kwamba jicho hupata michoro 50 kwa sekunde na kwa hiyo halioni picha ikipepesa, ilhali mawimbi hayalazimiki kubeba picha 50 kamili.

Katika mfumo wa PAL, ambao ndio uliotumika Afrika ya Mashariki, kila fremu ina mistari 625, na mistari 576 ndiyo inayobeba picha. Fremu ni 25 kwa sekunde. Kila fremu ina michoro miwili ya mistari 288. Na hapa ndipo penye kiini cha uhakiki wetu: michoro hiyo miwili si vipande viwili vya picha moja. Kamera iliupiga mchoro wa pili sehemu moja ya hamsini ya sekunde baada ya ule wa kwanza. Ikiwa mtu alikuwa akipunga mkono, basi katika mchoro wa pili mkono umekwisha kusogea.

Kioo cha zamani hakikuona taabu, maana kiliichora michoro hiyo kwa kufuatana kama ilivyopigwa. Taabu ilikuja na kompyuta. Yenyewe huionyesha fremu nzima kwa mara moja, michoro yote miwili imefungamana. Ukuta usiosogea huonekana barabara, lakini mkono unaopunga hutoka na kingo zenye mistari mistari iliyochongoka, mfano wa meno ya chanuo.

Maradhi matatu, jina moja

Kijitabu tunachokihakiki kinaiita fremu "picha", na ule mchoro wa nusu pia kinauita "picha". Kisha kila kasoro inayotokea kimeipa jina moja, yaani "mistari", na karibu kila mara dawa iliyotajwa ni moja: "kuondoa mistari" kwa kupunguza ukubwa wa picha. Tuyatazame yaliyofichwa chini ya neno hilo.

(a) Kwanza ni hayo meno ya chanuo. Haya kwa hakika si ugonjwa. Ni dalili kwamba kanda imenaswa kikamilifu, na michoro yote miwili imo. Dawa yake hutolewa wakati wa kutazama au wakati wa kutengeneza nakala ya kutazamia. Programu kama VLC huweza kuifanya kazi hiyo papo hapo bila kuligusa faili lenyewe.

(b) Pili ni kugeuzwa kwa utaratibu. Kompyuta yapaswa kuambiwa ni mchoro upi uliotangulia. Ikiambiwa kinyume, mtu anayetembea huonekana akienda mbele na kurudi nyuma, mbele na nyuma, kama anayetetemeka. Kosa hili ni jepesi kutokea, kwani kanda za kidijitali za aina ya DV hutanguliza mchoro wenye mstari wa pili kutoka juu, ilhali kadi nyingi za kunasia video za PAL hutanguliza ule wenye mstari wa juu kabisa. Dawa ni kusahihisha utaratibu tu. Anayeondoa "mistari" hapa huuacha ugonjwa ulivyo.

(c) Tatu ni mchanganyiko. Mtu akiipunguza fremu ya mistari 576 iwe, tuseme, ya mistari 360 kabla ya kuitenganisha michoro yake, kompyuta huikoroga mistari ya wakati huu pamoja na mistari ya wakati ule. Meno hupungua makali, mtazamaji akadhani kwamba picha imepona. Kumbe nyakati mbili zimekwisha kupikwa katika chungu kimoja, wala hakuna programu itakayozirudisha zilivyokuwa. Dawa ni moja tu, nayo ni kurudi kwenye kanda na kunasa upya.

Zaidi ya hayo, kijitabu kinaiita "mistari" hata ile mikwaruzo myeupe inayotokana na kanda iliyochakaa au kichwa cha deki kilichochafuka. Mikwaruzo haina uhusiano wowote na mwendo wa kitu kilichopigwa picha. Hutokea hata juu ya ukuta. Fundi anayesoma kwamba "mistari" huondoka kwa kusafisha kichwa cha deki atakisafisha hadi jioni, na meno ya chanuo yatabaki pale pale.

Msomaji ataona kwamba dawa inayopendekezwa na kijitabu kwa kasoro ya kwanza ndiyo inayoleta kasoro ya tatu. Kisichokuwa ugonjwa kinatibiwa mpaka kikawa ugonjwa usiotibika.

Hasara si ya nadharia. Katika ukoo wetu ilikuwapo kanda iliyopigwa mwaka 1996, inayomwonyesha bibi yetu mmoja akisuka ukili na kutaja kwa jina kila hatua ya kazi yake. Kwa mtu wa istilahi, kanda ya namna hiyo ni hazina. Fundi aliyeinasa alikuwa hodari na mwangalifu, naye alifuata kijitabu neno kwa neno. Sauti ilitoka safi. Lakini vidole vya bibi vilikwenda mbio, na palipokwenda mbio ndipo palipokorogeka. Nasikia jina la hatua, nami siwezi kuona ni jani lipi linalopita juu na lipi linalopita chini. Tuliporudi kuinasa upya, deki iliila kanda ikakatika. Bibi alikuwa amefariki mwaka 2009. Ninayo majina kadhaa ambayo siwezi kuyatolea maelezo.

Mapendekezo

Baada ya kubomoa ni haki tujenge. Nimeyajaribu maneno yafuatayo pamoja na mafundi kadhaa, nayo nayaleta mbele ya wasomaji yapimwe.

1. Kunasa. Kijitabu kinasema "kukamata video". Huko ni kufuata neno la kigeni kwa unyayo. Kukamata kwetu ni kazi ya polisi. Watu wa redio wana usemi wao wa siku nyingi, "kunasa sauti", nao watosha kwa video. "Kunakili" tukuache kwa kutoa nakala ya faili lililokwisha kunaswa.

2. Fremu. Neno hili limo vinywani mwa mafundi. Ni kweli kwamba mjini fremu ni pia chumba cha duka, na ni kiunzi cha mlango. Lakini hakuna fundi atakayeichanganya fremu ya video na fremu ya kupangisha. Libaki.

3. Zamu. Ule mchoro wa mistari 288 nimeona wengine wakiuita "nusu-fremu". Jina hili lina kosa lile lile la "picha": humfanya msomaji adhani kwamba ni kitu kimoja kilichokatwa mara mbili. Napendekeza "zamu". Zamu ni fupi, inajulikana na kila mtu, na ndani yake mna wazo la wakati na la kufuatana, ambayo ndiyo mambo mawili yanayosahauliwa. Asemaye kwamba fremu moja ina zamu mbili amekwisha kusema kwamba moja imeitangulia nyingine. Yupo atakayepinga kwamba zamu ni tendo na si kitu. Lakini husemwa "zamu ya usiku imeondoka", na wanaokusudiwa ni watu wenyewe. Lugha imekwisha kuifungua njia hiyo.

4. Zamu ya juu na zamu ya chini. Mwanzoni nilivutiwa na "zamu ya witiri" na "zamu ya shufwa", kwa uzuri wa maneno hayo. Nimeyaacha, kwa sababu watu wa kompyuta aghalabu huanza kuhesabu mistari kwa 0 na wahandisi wa televisheni kwa 1; basi witiri ya huyu ni shufwa ya yule. Zamu ya juu ni ile yenye mstari wa juu kabisa wa picha, nayo haibadiliki kwa namna yoyote ya kuhesabu. Uzuri wa neno hauna budi kuupisha uhakika wake.

5. Kufuma na kufumua. Tendo la kuziunganisha zamu, kijitabu kinaliita "kuchanganya". Kilichochanganywa, kama maji na maziwa, hakitenganishiki; kilichofumwa hufumuliwa. Basi tuseme "video iliyofumwa", na tendo la kuitengua tuliite "kufumua". Video inayochorwa mstari baada ya mstari bila kuruka tuiite "video ya mfululizo". Kufumua nako kuna namna zake, na kila namna itajwe waziwazi: kwa kutupa zamu moja, ambako nusu ya mistari hupotea, kwa kuchanganya zamu mbili, ambako kitu kinachosogea huacha kivuli, na kwa kuijaza mistari iliyokosekana ili kila zamu iwe fremu, tukapata fremu 50 kwa sekunde. Hii ya mwisho ndiyo inayouhifadhi mwendo wote. Neno "kuchanganya" linastahili kubaki hapo, kwa sababu hapo ndipo mchanganyiko ulipo kweli.

6. Meno ya chanuo kwa ile dalili, na mikwaruzo kwa kasoro ya kanda. "Mstari" ubaki kuwa mstari tu, bila kubebeshwa ugonjwa wowote.

Istilahi mtihanini

Kipimo cha istilahi ni kuitia kazini. Mafundisho yale yale ya kijitabu sasa yaweza kuandikwa hivi: Nasa video ikiwa imefumwa kama ilivyo, kwa mistari yote 576, wala usiipunguze. Hifadhi faili hilo bila kuligusa. Ukiona meno ya chanuo penye mwendo peke yake, usishtuke. Zamu zote mbili zimo. Fumua nakala kwa kujaza mistari, kisha isogeze fremu moja moja. Anayetembea akiwa anarudi nyuma kila baada ya hatua, zamu zimegeuzwa. Sahihisha utaratibu wake na ufumue tena. Ukitaka picha ndogo, fumua kwanza, ndipo upunguze. Ukiona mikwaruzo hata pasipo mwendo, itazame deki na kanda.

Hata hali ngumu zaidi sasa yaelezeka. Filamu ya sinema iliyorushwa kwa PAL huwa na zamu mbili za picha moja, kwa hiyo haipaswi kuonyesha meno. Ikiwa yanaonekana, huenda zamu zimeunganishwa na jirani asiye wake. Dawa ni kuzipanga upya jozi zake, si kufumua kwa kujaza. Kwa maneno ya kijitabu sentensi hiyo haiandikiki.

Hitimisho

Tumetumia miaka mingi tukijadiliana kama kile chombo kiitwe televisheni au runinga, na kile kingine kompyuta au tarakilishi. Majadiliano hayo yalikuwa na haki yake. Lakini tulipokuwa tukiligombea jina la sanduku, vilivyomo ndani vilibaki bila majina, na fundi huharibu au huokoa kazi kwa vilivyomo ndani.

Wakati nao hautungoji. Kampuni ya Funai ya Japani, inayojulikana kuwa ya mwisho ulimwenguni kutengeneza deki za video, iliacha kazi hiyo mwaka 2016. Deki zilizopo zinakwisha, na kanda za harusi, za ngoma, za taarab na za wazee wetu wakisimulia zingali zimo makabatini. Nyingi kati yake zitanaswa mara moja tu.

Kwa hiyo napendekeza kijitabu kirudishwe mezani, na safari hii mezani pakae fundi mmoja na deki yake. Kila istilahi iulizwe swali moja kabla ya kupitishwa: je, kuna vitu viwili ambavyo mfanyakazi huvitenganisha kwa mkono, nasi tumeviunganisha kwa neno? Wasomaji, hasa mafundi wenyewe, wanaombwa wailetee ofisi ya istilahi maneno wanayoyatumia kazini na maoni yao juu ya "zamu" na "kufumua". Nikionyeshwa neno lililo bora zaidi, nitakuwa wa kwanza kuliacha langu.