"Viza", "Kibali" na "Idhini"

Kwa muda sasa zimekuwa zikifika mezani petu tafsiri za maelekezo kwa wasafiri waendao ng'ambo kwa siku chache. Katika mojawapo, idhini ambayo Uingereza huitoa kwa mtandao imeitwa "kibali cha kuingia". Katika nyingine, "viza ya kielektroniki". Majina yote mawili hayafai, na kosa lenyewe si la ufasaha tu: laweza kumrudisha mtu nyumbani kutoka kiwanja cha ndege.

Tuchukue ndugu wawili wa ukoo mmoja walioalikwa arusi London, mmoja raia wa Oman akaaye Maskati, wa pili raia wa Tanzania akaaye Unguja. Tangu Februari 2024 yule wa Oman hahitaji viza kwa ziara isiyozidi miezi 6. Huomba idhini kwa simu yake, nayo huunganishwa na pasipoti. Wa Unguja hana njia hiyo. Yeye hapana budi aombe viza ya mgeni, atoe alama za vidole, aonyeshe atakavyojigharimia na kwamba atarejea kwao. Akisoma kuwa "viza ya kielektroniki" hupatikana kwa simu, ataketi akingoja kitu kisicho chake hadi siku ya arusi ipite. Tena Uingereza inayo viza ya kielektroniki iliyo viza kweli, na Tanzania nayo huwapa wageni viza kwa mtandao. Jina hilo, basi, lina wenyewe.

"Kibali" limekwisha kushika kazi yake maofisini: kibali cha ukaazi, kibali cha ujenzi. Aliyekipata huhesabu kwamba shauri limekwisha. Walakini idhini tunayoisema humwezesha msafiri kupanda chombo tu; kuingia huamuliwa na ofisa wa uhamiaji mpakani. Ndivyo ilivyo pia kwa ile ya Marekani, ambayo tangu Januari 2009 ni lazima kwa raia wa nchi zilizosamehewa viza. Kwa hiyo "kuingia" ni kuahidi kisichoahidiwa.

Twapendekeza "idhini ya kusafiri", na "kwa mtandao" iongezwe pale inapotajwa mara ya kwanza. Yuko atakayesema kwamba katika kamusi idhini na kibali ni mamoja. Ni kweli, tofauti imeletwa na matumizi, na mfasiri hufuata matumizi. "Ruhusa" twawaachia wanafunzi na walio likizoni. Majirani zetu wa Kenya nao walihitaji istilahi hii walipoondoa viza Januari 2024 na kuweka idhini ya namna hiyo, ambayo raia wa nchi nyingi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hawadaiwi.

Wapo waliojaribu "kibali cha kusafiri", nalo lingefaa kama mtumishi wa umma asingekuwa na kibali chake cha kusafiri nje ya nchi, kile anachokiomba kwa mwajiri. Mtumishi huyo akienda London atahitaji viza na kibali pia, na waraka anaosomewa sharti umwambie kipi huombwa wapi.