Mhakiki Asiye na Diwani: Kutoka Ujiji hadi Osma

Nikiwa mwaka wa pili nilikabidhi kazi ya nyanjani yenye nyimbo kumi na nne za harusi. Nilizipata kwa shangazi yangu, muuza ndagala wa Buyenzi hapa Bujumbura, ambaye katika mtaa wake hakuna bibi harusi anayetolewa nje bila yeye kuitwa kuimba. Kazi ilirudi na neno moja la wino mwekundu pembeni mwa wimbo wa tatu: guni. Wenzangu wa somo la ushairi wanalijua neno hilo. Ni utungo uliopungukiwa urari wa vina au mizani, kwa maneno mengine utungo uliojaribu kuwa shairi ukashindwa. Kwa vitabu tulivyokuwa tukivitumia, mwalimu hakukosea. Niliumia hata hivyo, na maumivu hayo ndiyo yaliyozaa swali la makala haya: mhakiki anaipa fasihi kitu gani?

Jibu la kwanza nililipata karibu, kandokando ya ziwa letu hilihili la Tanganyika. Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji mwaka 1924. Mwaka 1954 alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kitabu ambacho kila mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili amekutana nacho, hata kama ni kwa kukisikia tu kikinukuliwa darasani. (Baadaye mtu huyuhuyu akawa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha waziri wa sheria, ni kama jina la kitabu lilimtabiria kazi.) Watu wa rika langu hupenda kumlaumu kwamba alilitia shairi pingu. Mimi naona lawama hiyo ni ya haraka. Wakati wa utawala wa kikoloni, kuandika kwamba ushairi wa Waswahili una kanuni zake, una majina ya sehemu zake, na unaweza kufundishwa kama fani nyingine yoyote, ulikuwa mchango mkubwa. Alichokifanya Amri ni kuandika yale ambayo masikio ya washairi wa pwani na ya Ujiji yalikwisha kuyazoea: mshororo wenye mizani kumi na sita, nane upande huu na nane upande ule, kina cha kati na kina cha mwisho. Tatizo lilianza pale waliomfuata walipoigeuza kumbukumbu ya masikio kuwa mlango wenye bawabu.

Mlango huo ulisukumwa kwa nguvu miaka ya 1970. Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na miaka miwili baadaye M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi wakatoa Malenga wa Bara. Kisha wawili hao wakaandika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, wakidai kwamba vina na mizani si roho ya ushairi na kwamba nyimbo za makabila yetu, ambazo nyingi hazina vina, ni ushairi kamili. Wanamapokeo wakajibu, wanausasa wakajibu majibu. Mgogoro huo tunaufundishwa kila mwaka, na kila mwaka darasa hugawanyika makundi mawili, kama wapenzi wa timu za mpira.

Yatazameni majina ya vitabu hivi viwili vya mahasimu. Kimoja ni Sheria, na Diwani ya Amri. Kingine ni Kunga, na Diwani Yetu. Kila upande umetoa nadharia, na nyuma ya nadharia umeweka tungo zake wenyewe. Sisemi hilo ni dhambi. Lakini mhakiki mwenye diwani mkononi ni kama mfanyabiashara anayetengeneza mizani ya sokoni: hata akiwa mwaminifu, bidhaa atakayoipima kwanza ni yake. Mabishano yetu makubwa ya uhakiki yalihusu namna ya kutunga. Swali la namna ya kusikiliza kile ambacho wengine wamekwisha kukitunga lilipata nafasi ndogo. Hata mkusanyo muhimu aliouhariri Farouk Topan mwaka 1971, ulioonyesha kwamba fasihi ya Kiswahili inaweza kuhakikiwa kwa Kiswahili chenyewe, unaitwa Uchambuzi wa Maandishi ya Kiswahili. Maandishi. Shangazi yangu hajaandika kitu.

Niliwafikia Wahispania kwa njia ya mzunguko, kupitia fasihi linganishi na vitabu vya Kifaransa. Nilitarajia kukuta kitu cha mbali. Nikakuta mgogoro wetu uleule, umetutangulia kwa karne mbili. Mwaka 1737 Ignacio de Luzán alichapisha kitabu kiitwacho La poética, na jina lake refu linaendelea kusema kwamba ni sheria za ushairi kwa jumla. Sheria! Kwa kipimo hicho Luzán alimhukumu Luis de Góngora, mshairi wa Córdoba aliyefariki mwaka 1627, kwamba lugha yake imepotoka. Hukumu hiyo ilidumu. Marcelino Menéndez Pelayo, mhakiki aliyesoma vitabu vingi kuliko karibu Mhispania yeyote wa karne ya 19, naye hakuyavumilia mashairi marefu ya Góngora.

Mwaka 1927, miaka mia tatu baada ya kifo cha mshairi huyo, kijana aitwaye Dámaso Alonso alitoa chapa mpya ya Soledades, shairi gumu kuliko yote ya Góngora. Hakuja na sheria mpya ya kumtetea. Alifanya kazi ya kichovu: alichukua sentensi moja baada ya nyingine, akapanga upya maneno yaliyotawanywa, kisha akaliandika shairi zima kwa nathari ya kawaida ili kila msomaji aone kwamba kila mstari una maana yake. Waliosema Góngora haeleweki wakabaki hawana la kusema. Jambo linalonivutia zaidi ni hili: Alonso naye alikuwa mshairi, na diwani yake mashuhuri ya mwaka 1944, Hijos de la ira, imeandikwa kwa mistari mirefu iliyo huru, haifanani na Góngora hata kidogo. Alimwokoa mtu ambaye hakuhitaji kumwiga.

Hata hivyo, kisa kilichonigusa mwenye kazi ya wino mwekundu ni cha mwaka 1900. Ramón Menéndez Pidal na mkewe María Goyri walikuwa katika fungate, na kwa kuwa wote wawili walikuwa watu wa vitabu, waliamua kupita njia ambayo shujaa Cid alipita katika utenzi wa kale wa Kihispania. Walipofika Osma, María alizungumza na mwanamke mfua nguo. Akamghania utungo mmoja wa aina iitwayo romance, tungo za masimulizi za watu wa kawaida. Yule mwanamke akasema anaujua, na anajua nyingine. Akaanza kuimba. Katikati ya mojawapo María alishtuka: wimbo ulikuwa unasimulia kifo cha Mwanamfalme Juan, aliyefariki kijana mwaka 1497. Mwanamke huyo alikuwa amebeba kifo cha miaka mia nne kinywani mwake, naye anafua. Wataalamu wa wakati huo waliamini kwamba katika eneo la Castilla tungo hizo zimekwisha kufa. Tangu siku hiyo mume na mke walikusanya maelfu, kutoka Hispania, Amerika, na kwa Wayahudi ambao mababu zao walifukuzwa Hispania na ambao bado waliimba kwa lugha hiyo.

Sifa nyingi alipewa mume. Mimi narudia jina la María Goyri kwa makusudi, kwa sababu sikio lililotambua lilikuwa lake.

Sasa tuutazame umbo la romance, kwa maana hapa ndipo nilipoacha kusoma nikainuka kitini. Menéndez Pidal aliichapa kwa mistari ya silabi kumi na sita, iliyokatwa katikati: nane na nane. Hiyo ni mizani ya shairi letu! Lakini kina chake hakiji katikati, huja mwisho tu, na ni kina cha irabu peke yake. Neno casada linapatana na blanca kwa sababu irabu zao za mwisho ni a na a, konsonanti hazihesabiwi. Kwa Kiswahili ni sawa na kusema kwamba "pata" na "saka" zimetoa kina kimoja. Kwa sheria za Amri Abedi hapo hakuna kina, kuna guni. Ushairi wa taifa zima, ambao Wahispania wanauona kuwa mzizi wa fasihi yao, ungerudishwa na wino mwekundu.

Nisije nikawafanya Wahispania malaika. Menéndez Pidal hakuwa na diwani, lakini alikuwa na taifa: alitaka kuiona Castilla kila mahali, na wahakiki waliokuja baadaye wamemlaumu kwa hilo. Wala huku kwetu hatukukosa wasikilizaji. Mulokozi huyuhuyu niliyemweka miongoni mwa wenye diwani alikwenda kwa wapiga nanga wa Bahaya na kuandika tasnifu juu ya tendi zao mwaka 1986. Kwangu mimi kazi hiyo inaitetea hoja ya Kunga za Ushairi vizuri zaidi kuliko kurasa nyingi za kitabu chenyewe. Na hapa Burundi, padre Rodegem alichapisha mwaka 1973 mkusanyo wa tungo za Kirundi, zikiwamo zile za kusifia ng'ombe, ambazo hazijui kina lakini zina mapigo ambayo mchungaji yeyote atakueleza yakikosewa.

Kiswahili cha Bujumbura kimeanguka katikati. Kwa wakusanyaji wa Kirundi ni lugha ya wageni. Kwa wahakiki wa Kiswahili ni lugha isiyo sanifu, iliyochanganyika. Tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 tunahimizwa kujifunza Kiswahili, na ni vizuri, ila mara nyingi tunahimizwa kama vile kimeletwa na mkataba. Buyenzi walikuwa wanaolea na kuzika kwa Kiswahili kabla hata mji huu haujaacha kuitwa Usumbura.

Baada ya kusoma habari za Osma nilirudi kwa shangazi na karatasi yangu. Nilimwomba auimbe tena wimbo wa tatu, nami nikafuata kwa kalamu, silabi kwa silabi. Mstari wa pili ulikuwa na silabi saba upande wa kwanza, kama mwalimu alivyoona. Akaimba tena. Pale penye pengo alipiga kofi. Mstari wa nne vivyo hivyo, ila hapo hakupiga kofi, aliivuta irabu ya neno la Kirundi ambalo mimi nilikuwa nimeliandika kwa ufupi kama linavyoandikwa shuleni. Mwisho wa mistari yote kulikuwa na a na a. Nilihesabu mara tatu, nane kwa nane.

"Mwanangu, ile mara ya kwanza ulikuwa unaandika nini?" aliniuliza.

Guni ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeandika maneno nikaacha makofi, kisha nikampelekea mwalimu karatasi yenye mapengo, naye akaihukumu kwa haki. Ningekuwa na diwani yangu ya kutetea labda nisingerudi kabisa. Ningeandika makala ya kudai kwamba wimbo ule ni shairi huru, jambo ambalo lingekuwa uongo.

Mpaka sasa nimeandika upya nyimbo kumi na moja, makofi nikiyaonyesha kwa nukta nyeusi chini ya mstari. Tatu zimebaki. Moja shangazi ameisahau nusu, na mbili anasema alijifunza kwa mwenzake aliyehamia Rumonge, ambaye huziimba kwa namna nyingine. Likizo ikifika nitakwenda huko.